LaDawn na Shule Isiyo na Mtu wa Kanisani Kwetu

Dada yangu LaDawn ana kipaji ambacho Mungu hakuwapa wengi: anaweza kuficha jambo ambalo bonde zima linalijua. Alipofanyiwa upasuaji wa kutolewa kifuko cha nyongo alitutangazia kwamba anakwenda Las Vegas kununua mapazia. Na mapazia akarudi nayo kweli, ya kijani, mabaya, yananing'inia mpaka leo. Kazi yake ni kusafisha watu meno. Inamfaa mtu wa siri, kwa sababu unayemsafisha amepanua kinywa, hawezi kukuuliza kitu.

Mwaka juzi binti yake Jorie, wa miaka kumi na tano, aliharibika. Aliacha kusema na wazazi wake, akavunja kioo cha bafuni kwa ngumi, na siku moja shule ikapiga simu kuuliza kama amehama, maana walikuwa hawajamwona siku thelathini na moja. Kila asubuhi alitoka na begi, kila jioni alirudi na begi. LaDawn alifunga madirisha yote, ndipo akamwuliza alikuwa wapi. Mtoto akajibu, "Nje," na hilo likawa neno lake la wiki nzima.

Sasa, hapa kwetu kusini mwa Utah wengine wanalima mahindi, sisi tunalima watoto wa watu. Matajiri wa New York na California wakishindwa na vijana wao wanatuletea tuwanyooshe kwa majabali mekundu, farasi, na kukaa duara kuzungumzia hisia. Bonde letu lina shule saba za namna hiyo, na nusu ya kata yetu, ndivyo tunavyouita usharika wetu kanisani, inakula kwazo. Ndugu Dwain, jirani wa LaDawn, ni mlinzi wa zamu ya usiku, mke wa askofu anafundisha hesabu, Dada Nedra Tolman anapika katika ile ya kando ya mfereji, maili mbili kutoka kwa LaDawn. Na mimi, Verl Stapley, fundi bomba, niliyeacha shule darasa la kumi nikiwa nimeshajua yote, nimetengeneza maboila ya kuchemshia maji ya zote saba. Ukitaka kuijua shule, usitazame farasi kwenye karatasi zao za kung'aa. Fungua maji ya moto bafuni. Lakini nani aliniuliza?

Tatizo ni kwamba mtoto wa hapa hapelekwi huko. Huko ni kwa watoto walioharibika, na walioharibika, kama kila mtu ajuavyo, hutoka kwa wengine.

Shemeji yangu Kelvin, mtu ambaye hajawahi kununua hata mashine ya kukatia nyasi bila kuchora jedwali, alichora jedwali na kulibandika kwenye friji. Washauri, alama thelathini. Masomo, ishirini. Chakula, kumi. Farasi nao wakapewa kumi, sijui kwa nini, Jorie anaogopa hata mbwa. LaDawn aliongeza safu yake mwenyewe, bila alama: nani wa kwetu anafanya kazi pale. Jioni moja tu alifuta shule zote saba. Yenye daktari mzuri kuliko wote ilifutwa kwa sababu ya Dwain. Iliyosifiwa na wazazi ilifutwa kwa sababu ya mke wa askofu. Ya mfereji hakuisoma hata jina, Nedra ana mdomo.

Kwenye jedwali ikabaki moja tu, ya nane, kule Montana, mwendo wa saa kumi na moja kwa gari. Walikwenda Jumatatu, wakaniachia mimi mtoto nimlinde, na mimi nikalinda friji. Kelvin alinisimulia. Mwenye shule aliwapa biskuti zilizotoka jikoni saa ileile, akawapa na kijana wa kuwatembeza, aliyekariri kwamba amejifunza kuzimiliki hisia zake, kwa uso wa kasuku. LaDawn hakuuliza wanatibu nini wala vipi. Aliuliza kama kuna mfanyakazi yeyote kutoka Utah. Mwenye shule aliomba radhi kwamba hana hata mmoja. Kwenye jedwali la Kelvin, alama tisini na moja kwa mia.

Kisha mwenye shule akawaeleza kwamba, ili mtoto asibishane, wanaume wawili wenye miili mikubwa wanaweza kuja kabla ya mapambazuko kumtoa kitandani. Wao wanaiita huduma ya usafiri. LaDawn aliuliza swali moja: gari lao lina maandishi ubavuni?

Jibu lilitakiwa kufikia Ijumaa.

Walirudi Jumanne usiku, na Jumatano kata ilikuwa imeshanusa. Sisi nyumba ikipigwa na jambo hatuulizi, tunapeleka viazi vya msiba, vile vya kuchanganywa na jibini na kuokwa na chembe za mahindi juu. Hadi saa kumi na moja jioni zilikuwa zimefika sinia tisa, na jeli moja ya kijani yenye karoti ndani. LaDawn alijificha chumba cha kufulia, Kelvin gereji. Mimi nilikuwa mezani nikizihakiki sinia. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa na Jorie, na yule bubu wetu akashukuru mara kumi, akaahidi kurudisha kila sinia Jumapili.

Wa kumi na moja alikuwa Nedra, mikono bila sinia, jambo ambalo kata haijawahi kuliona. Alishika aproni. Akamwambia Jorie, "Uliisahau jana."

LaDawn alitoka kwenye nguo chafu kama mshale. "Jana wapi?"

"Jikoni kwangu," Nedra akasema. "Tangu Januari anamenya viazi na wanafunzi wa zamu ya jikoni. Hairuhusiwi, najua, wakitaka wanifukuze. Nilidhani una habari, LaDawn. Kaka yako anayo."

Wakanigeukia wote, nami kinywa kimejaa viazi.

Ni kweli. Februari nilikwenda pale kwa ajili ya boila, nikamkuta amekalia ndoo kati ya kijana wa jaji na binti wa daktari wa upasuaji, anaongea kuliko redio. Aliniambia, "Mjomba, ukisema, na mimi nasema nani aligonga uzio wa askofu." Nikakaa kimya, kama mwanaume mwenye heshima zake na uzio wa watu.

LaDawn alimwuliza binti yake, polepole, kule kuna nini ambacho nyumbani hakipo. Na wakati anauliza mkono wake ulishakwenda kwenye dirisha la jikoni, kulivuta lifungwe.

"Kule mtu akikuuliza una nini, anasubiri umjibu," Jorie alisema. "Wewe Mama unafunga dirisha kwanza."

Dada yangu aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Hakuushusha upesi, kipaji cha miaka arobaini hakifi kwa sentensi moja. Lakini aliushusha. Akavuta kiti, akaketi, akasema, "Haya. Una nini?" Na akasubiri. Nedra alinishika kola akanitoa nje, kwa hiyo jibu silijui, ingawa nilisimama chini ya dirisha hilohilo mpaka miguu ikafa ganzi. Walikuwa wakinong'ona, wabaya hao.

Ijumaa Montana walipiga simu. LaDawn aliwajibu dirisha likiwa wazi, Dwain akipalilia upande wa pili wa ua. Aliwaambia hapana, binti yake anaingia ile shule ya mfereji, kutwa, atalala nyumbani, na ndiyo, ni ileile ya watoto wenye matatizo, kwa sababu ana matatizo. Jembe la Dwain lilisimama hewani.

Msidhani ni muujiza. Mwezi Mei Jorie alivunja kioo kingine, na mimi ndiye niliyekifunga kipya, bure, kama adhabu yangu. LaDawn alikuwa amekaa naye sakafuni, akimtoa vipande vidoleni kwa kile kikoleo chake cha kazini. Mapazia ya kijani yalikuwa yamefunguliwa. Mchana ule ndipo nilipoyaona vizuri, na nasema tena, ni mabaya.