Kikohozi cha Restituta

Jumapili. Asubuhi mawingu mazito juu ya ziwa, upepo hakuna kabisa.

Nimeandika "marehemu" mbele ya jina la Restituta, nikalifuta. Alhamisi tulimzika kijijini kwao, Simbo, na akili yangu bado inakataa.

Kwa msiomjua: Resti alitengeneza meno ya bandia. Tulifanya kazi pamoja Gungu, kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki ya meno.

Mgonjwa anang'ata ujiuji wa alginate mpaka ugande, meno yanabaki yamejichora. Ile chapa tunaichovya kwenye dawa ya kuua vijidudu, kisha tunamimina plasta.

Siku moja mzee wa Rusimbi alirudisha meno yake. "Binti, haya ni ya nani? Nikisema mimi, nayo yanasema yake!" Resti alicheka mpaka akakaa chini.

Ndipo daktari wetu akatuambia tulinganishe dawa mbili za kuchovyea, klorini tuliyokuwa tunatumia na nyingine iliyokuja kwenye galoni, glutaraldehaidi. Resti alichovya, mimi nilishika saa na kuandika.

Klorini iliacha plasta ina ungaunga. Ya galoni ilitoa kingo safi, kila jino mahali pake. Tukapigiana makofi, tukabaki na ya galoni. Wow, tulijiona wanasayansi!

Upepo wa ziwa hukausha alginate, ikasinyaa. Kwa hiyo Resti alifunga madirisha. Beseni la dawa lilikaa wazi mezani, karibu na uso wake.

Mnajua naandika kila kitu kwa tarehe. Wiki ya pili: "Resti macho mekundu." Wiki ya nne: "Resti anakohoa tangu saa tatu." Jumamosi na Jumapili: hakuna kikohozi.

Nilimwonyesha. Akanisalimia kwa kilugha, "Mwakeye, karani wa mapafu yangu! Kikohozi changu kina mkataba wa kazi, Jumapili kinapumzika."

Nikacheka. Na hilo nimeliandika: "Tumecheka."

Jumatatu iliyopita alitoka chumbani ameshika mlango kwa mikono miwili, midomo imebadilika rangi. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji. Jumanne hakuamka.

Cheti kinasema pumu. Mama yake aliniuliza msibani, "Pumu ya nani, mwanangu? Huyu nimemzaa mimi."

Sisemi dawa ndiyo iliyomuua. Mimi si daktari. Nasema nilichokiona, na nilichokiona kina tarehe.

Jana nilikwenda kuchukua aproni yake. Beseni limejaa. Madirisha yamefungwa.

Ndani alikuwepo Ashura, mama wa watoto wawili, ameitwa siku ya mapumziko kuonyeshwa kazi. Anaanza kesho kwenye kiti cha Resti. Alikuwa anafuta macho kwa mtandio.

"Dada, hii harufu inazoeleka?"

"Inazoeleka," nikamwambia. "Mwenzako aliizoea."

Akaniangalia. Akakohoa, mara moja tu.

Nimenakili kurasa zote za daftari. Kesho saa moja na nusu nitakuwa mlangoni kwa daktari, kabla Ashura hajafika. Nitamwambia beseni lifunikwe na madirisha yafunguliwe, au turudi kwenye klorini na ungaunga wake. Akikataa, nitamsomea Ashura kurasa hizo mwenyewe, kazi iende ikienda.

Resti, nilikuhesabia dakika za kila chapa. Kukutoa nje ya kile chumba sikuthubutu. Nisamehe.

Lala salama, dada yangu wa Simbo.

Saa nne na dakika ishirini usiku. Nazima simu, nalala.