Nilimkatalia mwanangu kwenye karatasi nisiyoweza kuisoma

Admin, jina langu usilitoe, nina familia na nina cheo kanisani. Mimi ni mwanaume wa miaka 46, mkulima wa kahawa huku Mbozi, nina mke na watoto watatu. Kisa hiki ni cha binti yangu wa pili, nimwite Sekela. Yuko darasa la nne na hajui kusoma.

Nisiwafiche, huyu mtoto nimempiga sana. Hesabu za kichwani hakuna wa kumshika, hadithi ukimsimulia mara moja anairudia yote, lakini mpe kitabu anatoka jasho. Mimi nikaona ni uvivu na kiburi. Mama yake akimtetea namwambia, "Huo uzito umetoka kwenu Ileje, kwetu hakuna mtu wa hivyo." Nimelisema hilo miaka na miaka, mbele za wageni, hata mbele ya mama mkwe. Mke wangu alikuwa anaendelea tu na kazi zake.

Sasa ukweli ni huu. Mimi mwenyewe sijui kusoma. Naandika jina langu, basi. Darasa la saba nilimaliza kwa kukaa nyuma na kukariri. Na bado mimi ni mzee wa kanisa, Jumapili nasimama nasoma neno. Jumamosi jioni kwenye sala ya nyumbani namwambia mke wangu asome somo la kesho mara tatu, eti familia ilizoee, kumbe nalimeza. Kesho yake nafungua Biblia nalitamka lote, hata kurasa nafunua. Hakuna aliyewahi kunishtukia.

Mwaka huu walikuja watafiti shuleni, wanachunguza ubongo wa watoto wanaoshindwa kusoma. Mama yake alikubali, Sekela akavalishwa kofia yenye nyaya na kupimwa. Baadaye mwalimu wake akaniita. "Baba Sekela, huyu mtoto si mjinga. Ubongo wake unapata shida kuunganisha herufi na sauti. Mara nyingi hali hii inarithiwa, unakuta mzazi mmoja anayo." Akasema watapima mate ya mtoto na ya wazazi, wazazi nao watapewa maneno wayasome kwa sauti, na mtoto ataingia darasa maalumu mwaka mzima. Akanipa karatasi. "Soma taratibu, weka tiki, tia sahihi."

Wazazi wengine walikuwa wamekaa palepale. Nikavaa miwani, nikapitisha macho mstari kwa mstari, natikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kulikuwa na visanduku viwili. Nikaweka tiki kile cha chini, maana ndicho kilikuwa karibu na pa kutia sahihi.

Wiki mbili baadaye Sekela alirudi analia. Wenzake wameingia darasa jipya, yeye ameambiwa baba yake amekataa. Mke wangu akaniuliza, "Umemkatalia mtoto kwa lipi?" Nikajibu ndiyo, nimekataa, sitaki mate ya mwanangu yaende kwa watu nisiowajua. Uongo mtupu. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu.

Juzi nikamkuta Sekela jikoni na kitabu cha mdogo wake. Anafunua kurasa na kutamka hadithi nzima, macho yake yakiwa kwenye moto. Nikamuuliza nani kakufundisha hivyo. Akasema taratibu, "Wewe, baba. Nilikuona zamani. Sitamwambia mtu."

Ndugu zangu, nilitoka nje nikalia. Siku zote nilizokuwa nampiga, alikuwa anajua, na alikuwa ananitunzia siri.

Mwalimu anasema nafasi bado ipo, ila watafiti wanaondoka mwisho wa mwezi na baada ya hapo hapokelewi mtoto mpya. Lazima niende mwenyewe nibadilishe karatasi, kisha nikae na mama yake tusome maneno kwa sauti mbele ya wataalamu. Nikienda, mke wangu atajua matusi yote yale kwa ukoo wake yalikuwa yangu, na uzee wa kanisa nadhani umekwisha. Nisipoenda, Sekela atamaliza shule kama nilivyomaliza mimi.

Haya ananiandikia dada mmoja wa steshenari hapa Tunduma, nimekuja huku kwa sababu hakuna anayenijua. Jumamosi nitarudi anisomee mtakachosema. Msinionee huruma, niambieni tu: nianze kumwomba radhi nani, mke wangu au huyu mtoto, na nitamwambiaje?