Mshika Kikombe na Mshika Dele

Asubuhi ile nilitoka nyumba ya khalati yangu, ndugu wa mama, huko Matrah karibu na Maskati, bila ya kujua ninakwenda wapi. Nilichojua ni kuwa siwezi tena kukaa mbele ya mumewe nikala wali wake huku akinitazama tonge kwa tonge. Jana yake alikuwa amesema, macho yake yako kwenye sinia, kana kwamba anazungumza na samaki: "Mtu mzima, mwenye nguvu zake, na kazi yake ni kuuliza maswali."

Hakukosea. Skuli niliiacha Unguja kabla sijamaliza darasa la sita, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa hapendi kuulizwa na mimi nilikuwa siwezi kunyamaza. Tangu hapo nikawa mtu wa kutangatanga. Nimepakia karafuu, nimeuza magazeti, nimefagia sinema ili nitazame filamu bure. Mapinduzi ya mwaka sitini na nne yalinikuta Mombasa, kwenye moja ya safari zangu zisizo na sababu. Baba alikuwa shamba, Unguja. Sikumzika. Aliyemzika simjui, wala sijui kama alizikwa. Khalati alipopata meli ya kuja Maskati na mumewe, alinipitia bandarini akanichukua kama mtu anavyochukua mzigo aliousahau.

Mume wa khalati alikuwa na watu wake Omani. Sheikh wa kabila lao alikwenda kwa wali, yaani gavana wa Sultani, akasema huyu namjua, baba yake namjua, na ikawa basi. Ndivyo mambo yalivyokuwa enzi za Sultani yule wa zamani. Hati zilikuwa chache na hazikuwa na uzito. Mtu alikuwa na kabila lake, kabila lina sheikh wake, na sheikh ndiye mdomo wako. Asiye na sheikh wa kumsemea alikuwa kama mtu aliyeingia kwa dirisha. Siku yoyote anaweza kutolewa kwa mlango. Mimi nilikuwa nimeingia chini ya ubavu wa khalati, na khalati ni ndugu wa mama. Kabila halihesabiwi kwa mama.

Basi nikapanda njia ya mlimani, nikateremkia Maskati yenyewe. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Nikakaa kwenye kivuli cha lango kubwa, na hapo nikasikia mtu akitukana kwa Kiswahili.

"Punda wewe. Mtoto ya haramu. Nasema simama."

Alikuwa Mzungu mrefu, mwekundu shingoni, na punda wake alikuwa amebeba mabomba ya chuma yaliyoteleza upande mmoja. Nikacheka. Akageuka.

"Wewe nacheka nini?"

"Namcheka punda, bwana. Maskini hajui Kiswahili."

Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa Mwingereza, amekaa Kenya miaka mingi akichimbia masetla visima, na sasa ameajiriwa kutafuta maji Omani. Kiarabu kilimshinda. Siku ile ile akanichukua niwe mpishi wake, mkalimani wake na, kama nilivyokuja kuona, mtu wa kusikiliza.

Alikaa ghorofa ya juu, nyumba ya zamani yenye madirisha upande wa bahari. Hakuwa na mke tena, wala mtoto. Alichokuwa nacho ni karatasi. Alikuwa ameziunganisha kwa gundi mpaka zikafunika ukuta mzima wa chumba, na juu yake alichora ukoo mmoja wa makabaila wa Kiingereza wa zama za kale, ukoo anaosema ndio wa mama yake. Kila mtu na kisanduku chake, na mistari ikiteremka kutoka baba kwenda mwana. Hewa ya chumvi ilikuwa ikizikunja pembe zake, kwa hiyo kazi yangu ya jioni ilikuwa kuzishika wakati yeye akiandika.

Niliuliza kila kitu. Nilitaka kujua kwa nini visanduku vingine vimezungushiwa wino mwekundu.

"Hii? Hii nakatwa kichwa. Hii nakufa vita. Hii nafungwa na baba mdogo yake mpaka nakufa njaa."

"Na huyu mtoto?"

"Hii naolewa miaka saba. Shamba yake kubwa sana. Nakufa miaka kumi na tatu, na mimba."

Wekundu walikuwa wengi kuliko weusi. Kulikuwa na mahali ambapo ndugu watatu walikuwa wekundu kwa mpigo, wamekufa vita vya mabinamu waliogombea ufalme, na ngome yao ikapewa mtu aliyewaua. Nilitazama wale watatu nikafikiria shamba letu la Unguja. Nilikuwa nimezoea kudhani kuwa wakubwa wa Kizungu walikufa vitandani.

Juu kabisa ya karatasi palikuwa na kisanduku kimoja peke yake, hakina mstari wa kwenda juu. Hapo ndipo alipokuwa akikwama. Alikuwa akikitazama kama mtu anavyotazama kisima kikavu.

"Huyu hana baba?" nikamuuliza.

"Baba ilikuwako. Hakuna mtu anajua. Yeye nakuja Uingereza pamoja na mfalme ile ya kutoka ng'ambo, ya kupiga vita. Jina moja tu. Baadaye wajukuu walilipa watu waseme baba yake alikuwa mtoto ya mfalme. Uwongo."

"Sasa alikuwa nani?"

"Mshika kikombe. Mfalme nakula, yeye nasimama nyuma na kikombe ya divai."

"Mtumishi, basi."

Akakasirika kweli. "Hapana mtumishi. Heshima kubwa. Mfalme naogopa sumu kila siku. Sasa ile kikombe napa nani? Napa mtu moja tu, ile naamini kupita ndugu yake. Kwa kikombe hiyo napata shamba, kwa shamba napata ngome. Yote hii," akapitisha mkono ukuta mzima, "natoka kwa kikombe."

Nami nikamwambia jambo ambalo baba alikuwa akinisimulia tangu nikiwa mdogo. Babu yangu, kabla hajavuka kwenda Unguja, alikuwa ndiye mshika dele, birika la kahawa, la sheikh wa kijiji chao. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulishika. Baba akilisema hilo alikuwa akikaa vizuri kwanza, akinyoosha kanzu.

Mwingereza akapiga meza. "Basi wewe lodi, kabaila kama hii."

Tangu siku hiyo akawa ananiita Bwana Lodi. "Bwana Lodi, leta chumvi." "Bwana Lodi, choo imeziba." Nilikuwa nikicheka naye, lakini peke yangu, nikiosha vyombo, nilikuwa nikilifikiria lile dele, na nafsi yangu ilikuwa ikinyanyuka kidogo. Nilikuwa sina nchi, sina baba, sina skuli. Lakini nilikuwa na babu aliyeaminiwa kupita ndugu.

Ramadhani ilipokaribia kwisha, khalati akanifuata Maskati, kajifunika mpaka macho. Askari wa wali walikuwa wamepita Matrah wakiulizia watu wa Unguja wasiokuwa na wa kuwasemea. Mumewe aliulizwa juu yangu. Alijibu kuwa mimi si wa nyumba yake.

"Baada ya Idi wanatoa watu," akasema. "Wengine washapakiwa. Wanapelekwa wapi, hawasemi. Huyo Mzungu wako hawezi kukusemea?"

Nilimuuliza Mwingereza. Akatikisa kichwa. "Mimi mgeni kama wewe. Naweza sema unapika vizuri." Hata hivyo alikwenda, namshukuru kwa hilo, na alirudi amenuna. Karani wa wali alikuwa amemsikiliza kwa adabu, akamwambia kuwa kabila la mtu halijulikani kwa bwana wake wa kazi.

Ikabaki njia moja, kwenda kijijini kwa babu. Khalati alijua kilipo. Kilikuwa ndani kidogo kutoka Al Khuwair, kwenye mitende, chini ya mlima.

"Sikiliza mwanangu," akaniambia. "Ukifika, taja jina la baba yako, na la babu yako, kisha nyamaza. Wakikuuliza, jibu. Wasipokuuliza, kula tende. Nnakwambia usizidishe."

"Kwa nini, khalati?"

"Kwa nini, kwa nini. Waarabu wa huku si wa kule, basi."

Sikumwelewa, naye hakutaka kueleza. Nadhani hata yeye hakuwa na uhakika. Alikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi wake aliufunga ndani ya buibui akaondoka nao.

Siku ya tatu ya Idi nilitoka. Nikapita Matrah bila ya kugonga mlango wa khalati, nikapita Darsait, ambako wakati huo palikuwa na vibanda na mbuzi, nikashika bonde la Ruwi. Wanaoiona leo Al Khuwair, na wizara zake na magari yaliyopangana asubuhi, hawataamini nikisema kuwa nilitembea hapo nusu ya siku nisione kivuli cha kutosha kuweka kichwa. Mtu mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kuuza majani ya ng'ombe alinipa punda wake mtupu kwa masafa ya mwisho. Njia nzima nilikuwa nikijisomea nasaba yangu kama mtoto anayekwenda kusomeshwa: mimi mtoto wa fulani, mtoto wa fulani.

Tulifika baada ya alasiri. Wanaume walikuwa wameshakaa kwenye sabla, baraza la kijiji, wamezunguka ukuta kwenye mikeka. Nilitoa salamu, nikawapa mkono mmoja mmoja kuanzia kulia, nikaketishwa. Tende zikaja. Mtu mmoja mweusi, mzee mzee, alikuwa akizunguka na kahawa, dele mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, akimimina kidogo kidogo. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, kimechanganyika na cha bandarini, lakini kilinifikisha.

Sheikh alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti. Alinipokea vizuri. Nikataja baba, nikataja babu.

"Aliyekwenda Unguja na ami yangu?" akauliza.

"Ndiye, sheikh."

"Jina tunalijua." Akawatazama wazee wawili waliokaa karibu yake, nao wakaitikia kwa kichwa. "Alikwenda kijana. Na walikwenda wengi wakati ule. Wenye majina ya kufanana pia walikuwa wengi."

Pakawa kimya. Hapo ndipo ningekula tende. Lakini ule ukimya niliuona kama mlango ulioachwa wazi kidogo, nikaogopa usije ukafungwa. Nikaona lazima niwape alama moja ya kumtenga babu yangu na wale wengine wenye jina lake. Nikanyoosha kanzu.

"Sheikh, babu yangu ndiye aliyekuwa akilishika dele la kahawa la marehemu baba yako. Miaka mingi. Halikushikwa na mtu mwingine."

Mmiminaji kahawa alikuwa mbele yangu wakati huo. Mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea. Mzee mmoja akashusha macho kwenye mkeka. Nikamtazama yule mmiminaji, na kwa mara ya kwanza tangu niingie nikaona kuwa watu wote mle ndani wamekaa isipokuwa yeye.

Sheikh hakucheka, wala hakubadilisha sauti.

"Ikiwa ni huyo," akasema, "basi tumemjua. Baba yangu alimwacha huru kabla hajasafiri. Alikuwa mtu mwema." Akanywa, akatikisa kikombe kuonyesha kuwa ametosheka. "Nitampelekea wali neno kesho. Hakuna wa kukutoa nchi hii. Ukiulizwa, sema wewe ni katika watu wa nyumba yangu."

Nikamshukuru. Sijui nilisema maneno gani. Nilikuwa nimepata nilichokifuata, na nilikuwa ninakiona kikipita mbele yangu kama kitu cha mtu mwingine. Utumwa wakati huo ulikuwa haujafutwa Omani. Walioachwa huru na watoto wao walibeba jina la kabila la bwana wao, kama nilivyolibeba mimi, lakini hawakuoa humo, hawakula sinia moja nao, na sablani walisimama wakimimina kahawa. Baba alikufa hajui. Au alijua, na ndiyo maana kila akilisimulia alikuwa akikaa vizuri kwanza.

"Mchukue kwenu," sheikh akamwambia yule mmiminaji. "Ni mtu wenu."

Tulitoka. Alitangulia, dele lingali mkononi, tukavuka falaji, ule mfereji wao wa maji, kwa ubao mmoja, tukaacha nyumba za kuta nene za udongo na kuingia upande wa pili, ambako nyumba zilikuwa za makuti ya mtende na mbuzi wamefungwa milangoni. Wanawake waliokuwa wakichota maji chini ya falaji, pale yanapofika yakiwa yameshatumiwa na wote, walinitazama kisha wakaendelea. Hakuna aliyeshangaa. Nadhani si mara ya kwanza mtu kurudi kutoka Unguja akaletwa upande huu.

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja na ua. Mkewe alinitandikia mkeka bila ya kuuliza nitakaa muda gani.

"Ulikuwa huna haja ya kusema," yule mzee akaniambia, akiinama kuosha dele. "Wangekukubali kwa jina tu, wakachoka kufikiria, wakakulaza sablani kama mmoja wao."

"Sikujua."

"Huko kwenu hawasemi mshika dele ni nani?"

"Huko kwetu alikuwa mtu mkubwa."

Alilikausha dele kwa ncha ya kikoi chake, taratibu. Sikujua kama amenihurumia au amechoka tu.

"Kesho kuna wageni kutoka Sib," akasema. "Nitakuonyesha namna ya kulishika. Bega langu la kushoto limekwisha." Kisha akanyoosha kidole ndani. "Utalala upande wa ukuta au wa mlango?"

Nikamwambia wa mlango.