Mkono wa Sweta

Nikinusa sabuni ya kipande, mkono wangu wa kulia bado hutaka kuinuka.

Mwalimu wetu alitoa alama kwa mtoto aliyechangia darasani. Aliyenyamaza alichorewa yai, yaani sifuri. “We inua mkono tu, baba,” mama alizoea kuniambia akifua sweta yangu bombani, pale mtaani Mbotela.

Tulipotoka kumzika mama ushago, kijijini kwetu, nilimkataza shangazi kuifua.

Siku niliyorudi shule, mwalimu aliuliza maji yana kazi gani. Vidole vikalia darasa zima: “Ticha, mimi! Ticha!” Nikainua mkono wangu. Mkono wa sweta ukapita puani, bado unanukia sabuni ya mama.

“Haya, wewe, sema.”

Nilikuwa nalo jibu: kufua nguo. Nikasimama, pua ikabaki kwenye mkono wa sweta.

“Yai. Keti.”

Nikaketi, lakini mkono sikuushusha.