Kufuli la Pili

Ghala letu la sukari, sabuni na vifaa vingine vya hospitali na shule lilikuwa kando ya reli iendayo Port Bell, na mlango wake ulikuwa na makufuli mawili. Ufunguo mmoja alikaa nao mtunza ghala, mzee wa Kiislamu wa Kasubi ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani. Wa pili ulikuwa kwangu, mkuu wa ununuzi. Kila asubuhi tulikutana mlangoni, tukaamkiana, kila mtu akafungua lake. Utaratibu huo tuliurithi kwa meneja Mhindi. Alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, tuliuendeleza bila kuambiwa na mtu. Wafanyakazi wapya niliwaeleza hivi: kitu kikipotea, hakuna mtu mmoja wa kushikwa.

Kisha tukaletewa meneja mwanajeshi, mtu wa kaskazini, mrefu, mpole kuliko tulivyotazamia. Alitaka kazi iende mbio. Wakati mmoja niliugua malaria, na hospitali zikakosa sabuni kwa sababu ufunguo wangu ulikuwa nami kitandani, nyumbani kwangu Ntinda. Niliporudi kazini alituita sote uani.

"Nyinyi hapana aminiana?" aliuliza. "Jeshi iko na kufuli moja, na kazi inakwenda. Toa hii ingine."

Nikalitoa kufuli langu mbele ya watu. Mzee akabaki na lake, na meneja akamwambia ufunguo asimpe mtu, akampa mkono kama anayemvisha nishani. Wachukuzi wakapiga makofi.

"Shehe amekuwa waziri!" mmoja akapaza sauti. "Waziri wa sukari! Tutakuja kwako kunywa chai, ssebo, bwana wetu."

"Njooni na majani yenu," mzee akamjibu, nao wakacheka. Tulipobaki wawili akaniambia, "Huyu bwana ananipenda. Ndiyo shida yenyewe."

Kazi ilienda mbio kweli. Mizigo ilitoka asubuhi na mapema, na nilianza kudhani kwamba pengine meneja alikuwa sahihi.

Halafu sukari ikaadimika mjini. Lori la jeshi likaingia uani na maofisa wawili waliomzidi meneja cheo. Hawakuwa na hati yoyote. Meneja alipiga saluti, akasema, "Fungua, mzee." Mzee akamtazama kidogo, akafungua. Sukari yote ya hospitali ilipakiwa mchana kweupe, wachukuzi wetu wenyewe wakiibeba.

Hospitali zilipolalamika, tukapata habari kwamba wapelelezi wanakuja kumtafuta mwizi. Kila mmoja wetu alijua hawatauliza habari za lori. Watauliza nani ana ufunguo. Wachukuzi wakaacha kumtania mzee. Wengine wakaacha hata kumwamkia, wakawa wanazunguka upande wa pili wa ua. Nilimshauri avuke mpaka aingie Kenya. Akasema mkewe hawezi kutembea, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya wapelelezi meneja alifika mapema, sare yake imepigwa pasi.

"Mzee, leta ufunguo."

"Afande, niliambiwa nisimpe mtu."

"Nani aliambia wewe?"

"Wewe, afande."

Meneja akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Basi ni mimi tena nasema. Leta. Kwenda nyumbani, angalia mama."

Meneja akaupokea ufunguo, akautia mfukoni mwa shati. Mzee aliondoka bila kugeuka nyuma.

Wapelelezi waliposhuka garini waliuliza swali lile lile tulilolitazamia. Meneja akautoa ufunguo. "Ni mimi," akasema. Hawakumuuliza jingine mbele yetu. Walimkalisha kiti cha nyuma katikati yao, magoti yake yakikaribia kidevu kwa urefu wake. Hatukumwona tena, na hakuna aliyethubutu kuuliza alipelekwa wapi. Ufunguo waliondoka nao.

Mzee aliporudi kesho yake alikuta mlango ambao hakuna awezaye kuufungua. Tulilikata kufuli kwa msumeno. Vipande alivikusanya, akavifunga ndani ya leso yake.

Siku iliyofuata nilileta kufuli langu kutoka nyumbani, naye akaleta jipya alilonunua Kasubi. Hakuna aliyetuagiza wala aliyetukataza; kiti cha meneja kilikuwa bado kitupu. Jioni tukafunga, kila mtu lake, kisha mzee akalivuta langu mara mbili kuona kama limeshika.