Mdhamini wa Daktari

Nyumbani walimwita Daktari. Kazini walimwita Dada wa Mafaili. Kati ya majina hayo mawili moja tu lilikuwa la kweli, nalo ndilo alilolionea haya.

Alisomea saikolojia miaka mitatu kwa mkopo wa elimu, akafaulu vizuri. Darasa lao lilikuwa na watu sitini na kitu. Miaka mitano baadaye aliwajua wawili tu waliokuwa na chumba chenye mlango, viti viwili na mtu wa kumsikiliza. Waliobaki walitawanyika: huyu anauza bima, yule anafundisha chekechea, mwingine anapokea simu za watu waliokatiwa umeme. Yeye alizunguka na bahasha yake miaka miwili. Vituo vya ushauri vilimwambia aje ajitolee, nauli ajitafutie. Duka moja kubwa lilimwambia, "Dada, umesoma mno. Utatukimbia."

Kwa hiyo hospitali ilipotangaza kazi ya karani wa masijala, cheti cha chuo alikiacha sandukuni. Palipoulizwa kiwango cha elimu aliandika sekondari. Palipoulizwa kama anadaiwa mkopo wa elimu alitia alama penye "Hapana". Kazi akapata. Mshahara ulitosha kodi ya chumba na chakula, kwa kujibana, tena haukuwa na makato ya mkopo, maana kwa mujibu wa karatasi hakuwahi kukanyaga chuo. Alijiambia ataanza kulipa mwezi ujao. Mwezi ujao haukuwa na tarehe.

Kukopa si aibu, na mshahara mdogo si dhambi. Lakini mzigo haupotei kwa kuwa aliyejitwisha ameutua njiani. Lazima kuna kichwa kingine utakachokwenda kukalia.

Kichwa hicho kilikuwa cha shangazi yake, fundi cherehani wa kiwanda cha sare za shule, aliyemlea tangu ana miaka tisa. Ndiye aliyetia sahihi kama mdhamini kwenye fomu ya mkopo. Alitia taratibu, kama anayeshona kola.

"Sikusoma," alisema siku ile, "lakini jina langu najua kuliandika. Usije ukaliaibisha."

Na msichana aliposema amepata kazi hospitali, shangazi hakungoja amalize. Alipiga vigelegele mpaka jirani akatoka na sufuria mkononi. "Daktari wa akili! Mtoto wa kaka yangu!" Naye hakumsahihisha. Wiki moja baadaye aliazima koti jeupe kwa mfuaji wa hospitali, akalivaa dakika mbili, akapigwa picha. Picha hiyo ikatundikwa juu ya cherehani.

"Na ule mkopo, mwanangu, unalipa?"

"Nalipa, shangazi."

Jumanne moja asubuhi alikuwa kwenye dirisha la masijala akiandikisha wagonjwa. Kando yake alikaa Mzee Stempu, karani aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, ambaye aligonga muhuri kila karatasi, hata isiyohitaji. Msichana aliinua macho. Mtu wa nne kwenye foleni alikuwa shangazi, amevaa gauni lake la kutokea, mkoba ameukumbatia.

"Mzee, nishikie dirisha. Kuna faili nalitafuta."

"Faili gani?"

"La zamani."

Akapenya kati ya rafu mbili, akachuchumaa kwenye vumbi. Kwenye mtihani angeweza kuandika kurasa tatu kuhusu mtu anayekimbia aibu, na akapata alama zote. Pale chini kurasa hizo hazikumsaidia kitu.

"Karibu, mama," alisikia Mzee Stempu akisema. "Umewahi kutibiwa hapa?"

"Sijawahi, lakini mimi si mgeni. Mwanangu ni daktari hapa. Wa akili."

"Hatuna daktari wa akili, mama. Tulikuwa naye mmoja, akahama."

"Basi ndiye aliyeshika nafasi yake. Msichana mrefu, ana mwanya hapa mbele."

"Mama yangu, mimi nina miaka ishirini na nane hapa. Nawajua madaktari wote, hadi wanaodaiwa chai."

Foleni ikacheka. Mwanamume mmoja mwenye mkono wa bandeji akadakia, "Mwandikieni upesi! Huyo daktari wa akili anamhitaji kwelikweli!" Wakaangua kicheko upya.

"Nina picha yake," shangazi alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Amevaa koti. Iko nyumbani."

"Sawa, mama," alisema Mzee Stempu, kwa upole uliouma kuliko kile kicheko. "Nipe barua yako ya rufaa." Kisha akaipitisha nyuma bila kugeuka. "Wewe wa faili la zamani, hebu fungua jipya."

Ndiyo kazi yake: kusoma rufaa, kufungua faili. Akasoma. Muuguzi wa kiwandani alikuwa ameandika kwamba mgonjwa hapati usingizi miezi saba, na moyo unamwenda mbio. Tatizo lilianza mshahara wake ulipoanza kukatwa theluthi kwa deni alilomdhamini ndugu. Ndugu hajaambiwa. Mgonjwa anasema ofisi imekosea, kwa kuwa ndugu huyo analipa.

Bodi ya mikopo ilimtafuta msomi, ikamkosa kwenye kila orodha ya wadaiwa iliyoletwa na waajiri. Mdhamini hakujificha popote.

"Ndugu wa karibu ni nani?" aliuliza Mzee Stempu dirishani.

"Mtoto wa kaka yangu. Kazi yake, daktari."

"Mama..."

"Andika, baba. Andika hivyohivyo."

Hapo msichana alisimama. Alitoka na faili tupu kifuani, magoti yamejaa vumbi.

"Si huyu hapa!" Shangazi aliigeukia foleni, uso umemng'aa. "Niliwaambia nini?"

Kisha akamgeukia tena. Hakukuwa na koti. Kulikuwa na kitambulisho kikining'inia shingoni, na shangazi alikisoma polepole, herufi kwa herufi: Karani.

"Ulikuwa humo ndani?"

"Ndiyo, shangazi."

"Wakati wananicheka?"

Aliinamia faili. Hata yule wa bandeji alitazama chini.

Kwenye benchi la ukumbini alisema yote: fomu, koti, mwezi ujao. Shangazi alisikiliza akikunja na kukunjua ukingo wa gauni.

"Unajua nilichofanya?" alisema mwishowe. "Kila mwisho wa mwezi nagombana na mhasibu wa kiwanda. Nimemwita mwizi, mwanangu. Mbele ya mafundi wenzangu. Mtu wa watu, kumbe hana kosa."

"Nisamehe, shangazi."

"Hilo lingoje. Nina mtu wa kwenda kumwomba radhi kwanza. Na wewe, ofisi ya waajiri wako iko wapi?"

Msichana akaenda siku hiyohiyo kukiri, na kesho yake akapeleka cheti. Afisa utumishi alikigeuzageuza. "Watu wanaghushi ili wapande. Wewe umeghushi ili ushuke?" Akampa onyo la maandishi na kumwambia mkataba wake utaangaliwa upya mwisho wa mwaka. Makato yakahamishiwa kwake pamoja na adhabu ya ucheleweshaji. Kilichobaki hakikutosha kodi, akarudi kulala kwa shangazi. Juu ya cherehani alikuta msumari mtupu.

Alipewa chakula na kitanda. Msamaha hakuusikia, na hakuthubutu kuudai.

Baada ya wiki sita shangazi alirudi hospitali kwa miadi yake. Foleni ilikuwa ndefu. Msichana alikuwa dirishani, na safari hii hakuinuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ile fomu yangu ina kosa. Nataka isahihishwe."

Aliitoa, akakata mstari mmoja kwa rula, kama kazi inavyotaka. Kisha ikambidi aulize, kwa sauti ileile aliyowaulizia wengine.

"Ndugu wa karibu?"

"Mtoto wa kaka yangu."

"Kazi yake?"

Shangazi alitazama foleni yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Karani wa masijala," alisema, na kila mtu akasikia. "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Masikio yakamwaka moto, lakini akasoma. Mzee Stempu akanyoosha mkono, akaivuta fomu, akaigonga muhuri.

"Hii haihitaji muhuri, mzee," msichana alinong'ona.

"Hii inahitaji," alisema Mzee Stempu, akaita mgonjwa mwingine.