Kikohozi cha Kuku na cha Anti Ndinda

Ukiwahi kusikia kuku mwenye mafua, hutaisahau sauti yake. Ni mkoromo wa chini, wenye maji ndani yake, kama wa mtu anayejaribu kusafisha koo kanisani bila kusikika, na kila baada ya muda hukatizwa na chafya na mtikiso wa kichwa. Juzi nilikuwa nyumbani kwa rafiki yangu pale mjini Wote, tumekaa uani tukimenya njugu, nikaisikia ikitoka nyuma ya tangi la maji. Mikono ilisimama yenyewe. Rafiki yangu akaniuliza kama nimeona nyoka. Sikumwambia kitu, lakini nyinyi nitawaambia, maana sauti ile hunirudisha kwenye mwaka nilioanza kumwogopa mama yangu.

Tuliishi nje kidogo ya Kasikeu, baba, mama na mimi. Baba alikuwa mjenzi, akiondoka asubuhi na kurudi jioni na vumbi la simiti kwenye nyusi. Mama alikuwa na kuku. Hawakuwa wengi, kundi dogo tu la kienyeji lililolala kwenye banda la mbao na mabati nyuma ya nyumba, lakini kila mmoja alikuwa na jina lake, na mama aliweza kukuambia akiwa jikoni, bila kuchungulia, nani ametaga na nani anapiga kelele za bure.

Basi katika juma moja wageni wawili waliingia kwetu. Wa kwanza alikuwa jogoo mwekundu mwenye shingo nyeupe, ambaye mama alimnunua soko la Matiliku baada ya kubishana na muuzaji mpaka muuzaji akachoka. Wa pili alikuwa Anti Ndinda, dada mdogo wa baba, aliyekuwa ameolewa upande wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Alikuja na begi moja na kikohozi. Hakuna aliyenieleza kwa nini amekuja. Nilimsikia tu baba akimwambia mama, kwa sauti ya kumaliza maneno, kwamba kule harudi tena.

Jogoo ndiye aliyetangulia kupiga chafya. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na nilimwambia mama. Mama akasema ni vumbi la pumba. Siku chache baadaye kuku mmoja, aliyeitwa Kang'ethi kwa sababu ya manyoya yake yaliyosimama, aliamka na uso umevimba upande mmoja, jicho limejaa povu kama la sabuni. Kisha wawili wengine. Kisha karibu wote. Pua zilitoa kamasi nzito yenye harufu ya kitu kilichosahauliwa ndani ya sufuria. Waliacha kutaga, wakawa wanasimama wameinamisha shingo, midomo wazi, wakivuta pumzi kama watu waliopanda kilima.

Banda lilikuwa limeegemea ukuta wa chumba alicholala Anti Ndinda. Alfajiri kikohozi kilianzia ndani, kirefu, cha kuchimba, na kilipotulia tu, upande wa pili wa ukuta kuku walikipokea. Nilikuwa nikilala nikisikiliza. Mtu mgeni angedhani wanajibizana.

Mama naye alikuwa akisikiliza. Nilijua kwa jinsi alivyoanza kubadilisha vitu bila kusema. Kwanza kikombe: Anti Ndinda alipewa kile cha bluu, cha bati, kikawekwa rafu yake peke yake. Kisha sahani, kisha beseni la kuogea. Mlo wake ukawa unapakuliwa wa mwisho. Siku moja Anti alipokuwa akienda kuanika nguo, mama alimwita kutoka jikoni.

"Ndinda, usipitie huko nyuma. Kuku hawajakuzoea."

"Sawa, Mama Mwende," Anti alisema. Tangu siku hiyo akawa anazunguka nyumba nzima na nguo mbichi mikononi, akipumzika njiani kwa kushika ukuta.

Wanawake wa kanisa walikuja kuomba. Waliomba vizuri, lakini macho yao hayakufungwa vizuri. Mimi ambaye sikufunga yangu kabisa niliwaona wakimtazama Anti, kisha dirisha la upande wa banda, kisha wakitazamana. Mmoja wao, wakati wa kuaga, alimuuliza mama kama Ndinda aliachana na watu wa Kitui kwa amani, au kuna mtu alibaki na kinyongo. Mama alijibu kwamba ugali unaungua. Hakukuwa na ugali motoni.

Mimi nilianza kumshuku kila mtu. Nilimshuku Anti, kwa kuwa alikuja na kikohozi na kuku wakakohoa. Niliwashuku wale wa Kitui nisiowajua. Nilimshuku jogoo, ambaye alikuwa amepona haraka na sasa alitembea kifua mbele kati ya wagonjwa kama mwenye boma. Nikiwa peke yangu nilimwangalia sana yule jogoo.

Siku ya soko mama alimtia Kang'ethi ndani ya kiondo, akamfunika kwa leso, tukaenda naye agrovet, duka la dawa za mifugo, pale Kasikeu. Muuzaji alikuwa kijana mrefu wa kutania watu. Alimpanua kuku mdomo, akamnusa puani, akageuza uso.

"Hii ni mafua, mama. Mmeleta kuku mwingine kwa boma hivi majuzi?"

"Hapana," mama alisema.

Nilimtazama. Alikuwa akiangalia mifuko ya chakula cha ng'ombe.

"Hakuna mgeni yeyote?"

"Mgeni ni mtu. Wifi yangu. Anakohoa."

Yule kijana alicheka, kisha akaona mama hacheki. "Mafua haya hayatoki kwa mtu, mama. Kuku ndiye huambukiza kuku. Hata akipona anaweza kubaki nayo na kuwapa wengine." Alimpa mama dawa ya unga, akamweleza namna ya kuichanganya na maji ya kunywa, awatenge wagonjwa, afagie banda likauke na lipitishe hewa, na mayai yasiliwe mpaka dawa iishe mwilini mwao. Mama alirudia kila neno kimoyomoyo, midomo ikicheza. Alipokuwa akimrudisha kuku kiondoni, kijana akauliza, "Na huyo wifi amekohoa kwa muda gani?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Anakonda?"

Mama alimfunika Kang'ethi kwa leso.

"Basi mpeleke hospitali apimwe kifua. Ya kuku nimekupa. Yake sina."

 Tulipokaribia nyumbani mama alisimama, akanishika bega. "Mambo ya agrovet ni ya kuku," aliniambia. "Usiyapeleke kwa nyumba." Nikasema ndiyo. Moyoni nilijiuliza kwa nini alimficha jogoo, na kwa nini sasa anaficha hospitali.

Kuku walitibiwa kama watoto. Mama aliwatenga wagonjwa kwenye kibanda cha zamani cha makuti karibu na choo, akawatandikia majani makavu, na wale waliozidiwa aliwapakata mmoja mmoja na kuwadondoshea maji ya njano ya dawa mdomoni kwa ncha ya kidole. Anti Ndinda alikuwa akimtazama kutoka kwenye kizingiti chake. Jioni moja nilimsikia akisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "Hata kuku ananyweshwa kwa mkono." Mama alisikia. Mkono wake ulisita, kisha ukaendelea.

Wawili walikufa. Waliobaki walianza kuinua shingo. Uvimbe ulishuka, na asubuhi mkoromo wa upande wa nje ukapungua. Wa ndani haukupungua.

Ndipo nikaona nilichokiona. Nilikuwa nimetumwa kuni, nikarudi mapema kwa sababu kamba ilikatika. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Mama alikuwa amesimama mbele ya rafu, amenipa mgongo, na kikombe cha bluu kilikuwa mezani kinafuka mvuke. Alifungua ile pakiti ya dawa ya kuku, akachota unga kwa ncha ya kisu, akautia ndani ya chai, akakoroga kwa muda mrefu. Kisha akatazama mlangoni. Nilikuwa nimeshajificha nyuma ya pipa.

Nataka mnielewe. Nilikuwa mtoto aliyesikia watu wakinong'ona kwa wiki nyingi, aliyemwona mama akimtenga shangazi yake, akidanganya dukani, akimwambia anyamaze. Sikuwa na njia nyingine ya kujumlisha mambo yale. Nilijua, kama nijuavyo jina langu, kwamba mama anamwekea Anti Ndinda sumu. Siku iliyofuata nilichungulia tena, na akaitia tena. Nilikula chakula changu nikikinusa kwanza.

Siku hiyo jioni tulikuwa wote mezani. Baba alikuwa bado na simiti kwenye nyusi. Anti aliinua kikombe chake, na mimi nikasimama.

"Anti, usikunywe. Mama ametia dawa ya kuku."

Baba alitua kijiko. Mama hakunikaripia, na hilo liliniogopesha zaidi kuliko kama angenipiga. Alikaa tu, mikono juu ya mapaja.

"Mwende anasema nini?" baba alimuuliza.

"Ni kweli," mama alisema.

"Kweli vipi?"

"Kuku wamepona." Alisema hivyo akiangalia meza. "Walikuwa wanakohoa hivyo hivyo, na wamepona. Nikafikiri na yeye atapona."

 Nje jogoo alijipigapiga mbawa akitafuta pa kulala.

"Huyo wa agrovet alisema hivyo?" baba akauliza.

 Nikajibu mimi. "Alisema Anti aende hospitali apimwe kifua."

"Na kwa nini hukuniambia, Mama Mwende?"

Nilisubiri jibu lile kuliko mtu yeyote pale mezani.  Mama aliinuka, akachukua kikombe cha bluu, akaenda kukimwaga nje, akakiosha, akakirudisha na kukiweka kwenye rafu pamoja na vikombe vyetu. Akamgeukia Anti. "Kesho tutaenda hospitali ya Wote," alisema. "Mimi na wewe."

Walienda, na mimi nikaenda nao, kwa sababu baba alitaka hivyo; nadhani naye alikuwa na shaka zake. Mama alibeba begi la Anti njia nzima. Lakini tulipofika lango la hospitali mama hakuingia. Alimkabidhi Anti begi, akakaa chini kando ya ua, kwenye jua, akatazama barabara. Mimi ndiye niliyeingia na Anti na kukaa naye kwenye foleni. Tulipotoka mama alikuwa palepale, na leso yake ilikuwa imelowa upande wa uso.

Ilikuwa kifua kikuu. Anti alimeza vidonge kwa miezi mingi, na sisi sote tulipimwa. Tulikuwa wazima. Mwili ulimrudia polepole, kwanza mashavu, kisha sauti, mpaka akawa anaimba akifua nguo na kupita nyuma ya nyumba anavyotaka. Jogoo alitengwa, halafu siku moja hakuonekana tena, na Jumapili hiyo tulikula nyama ambayo mama hakutaka kuijadili.

Nilikuwa mtu mzima, na mtoto wangu mwenyewe mgongoni, nilipopata jibu la swali la baba. Nyanya yangu mzaa mama ndiye aliyenipa, tukichambua pojo, kama mtu anayetaja jambo ambalo kila mtu analijua. Mama alikuwa na dada, Kasyoka. Walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja. Kasyoka alianza kukohoa, akakonda, akapelekwa hospitali wakati umeshapita, na mama, akiwa msichana mdogo, aliachwa ameketi nje ya lango amngojee atoke. Hakutoka kwa miguu yake. Jina lake halikutajwa tena nyumbani, ndiyo maana sikuwahi kulisikia.

Basi nikaelewa kile kikombe cha bluu, na lile neno "hapana" pale agrovet. Mama alimsikia yule kijana vizuri sana. Lakini kama si jogoo aliyeleta ugonjwa, basi kikohozi cha Anti kilikuwa ndugu wa kikohozi cha kuku, kilikuwa na dawa, na dawa yenyewe ilikuwa jikoni kwake. Kama havikuwa ndugu, yeye alishajua kwamba ni kile cha Kasyoka. Nilichokiona kuwa ubaya kilikuwa woga, na woga wa mtu mzima ni kitu ambacho mtoto hawezi kukitambua, kwa sababu hajui kwamba watu wazima huogopa.

Nilienda nikamsimulia Anti Ndinda, ambaye sasa ana duka la vitambaa na mwili wa kuheshimika. Nilitaka ajue kwamba mama hakuwa amemchukia. Alinisikiliza mpaka mwisho akikata kitambaa, kisha akacheka kidogo.

"Mwende," alisema, "nilijua kuna kitu ndani ya ile chai tangu siku ya kwanza. Ilikuwa chungu."

"Na ukainywa?"

"Niliinywa. Mama yako aliitia sukari nyingi sana, mpaka kijiko kilikuwa kinasimama. Kule nilikotoka nilishaona watu wanaotaka ufe. Hawahangaiki na sukari."

Akarudi kwenye kitambaa chake, akapima, akakata.